Saksofoni ya mtandaoni: Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia

MAVUNO ya mpunga yanapokamilika katika Bonde la Ziwa Rukwa, fedha huanza kuonekana mikononi mwa watu. Katika Kata ya Kasansa, Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, huo ndio wakati wa kulipa madeni, kununua mabati, kuongeza ng'ombe na kufunga ndoa. Panapofungwa ndoa panahitajika muziki, na panapohitajika muziki kuna biashara.

Kwa vijana wenye kikundi cha muziki au kwaya yenye mpango wa kuanzisha bendi, tatizo la kwanza ni vyombo. Spika na kinanda havisumbui sana kupatikana mijini. Shida huanza pale wanapotaka saksofoni, ambayo wapenzi wa muziki wa dansi huiita domo la bata, au klarineti. Saksofoni mpya ya kampuni inayojulikana ni ghali mno kwa kikundi cha kijijini. Kinachobaki ni iliyotumika, na iliyotumika siku hizi hutafutwa kwenye simu.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi.

"Bosi, habari za kazi? Ile saksofoni bado ipo?"

"Ipo mkuu. Wahi, kuna jamaa wa Mwanza anataka kutuma hela leo."

Hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hufanya jambo ambalo wasingelifanya mahali pengine popote. Mfugaji anapokwenda mnadani kununua maksai wa kulimia, halipi kwa kuangalia rangi. Atamfungua mdomo aone meno, atamtembeza aone kama anachechemea, kisha atauliza ametoka zizi la nani. Lakini mtu huyo huyo akishika simu, yuko tayari kutuma laki saba kwa sababu tu picha inang'aa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu tatizo hili akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Alieleza kuwa muuzaji anazijua kasoro za mali yake wakati mnunuzi hazijui. Kwa kuwa mnunuzi anaogopa kupunjwa, hutaka kutoa bei ya chini kwa kila gari, zuri na bovu. Mwenye gari zuri huona hasara na kuliondoa sokoni, na mabovu ndiyo yanayobaki. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 akiwa pamoja na wenzake wawili.

Saksofoni na klarineti zilizotumika zina tatizo lile lile, na kwa mtu wa Kasansa ni kubwa zaidi kwa sababu yuko mbali na muuzaji na mbali na fundi. Dawa yake ni moja: kupunguza kile ambacho muuzaji anakijua na mnunuzi hakijui, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Domo la bata ni chombo cha aina gani

Saksofoni ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, aliyepewa hataza yake mjini Paris mwaka 1846. Ingawa mwili wake ni wa shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya dhahabu, wanamuziki huihesabu katika kundi moja na klarineti. Sababu ni kwamba sauti ya vyombo vyote viwili huanzia kwenye ridi, yaani kile kijiti chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa kupulizia.

Watanzania si wageni wa sauti hiyo. Bendi za dansi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilijenga jina kwa magitaa na ala za kupuliza. Bendi za majeshi na polisi nazo zimekuwa zikitumia klarineti na saksofoni kwa miaka mingi.

Jambo muhimu kwa mnunuzi ni kuelewa namna vyombo hivi vinavyofanya kazi. Mwili wake ni bomba lenye matundu mengi. Matundu hayo huzibwa kwa vidole au kwa vifuniko vyenye pedi laini ndani yake. Pedi ikichanika, ikikauka au ikikaa upande, hewa huvuja. Hewa ikivuja, noti za chini hukataa kutoka hata kama mpulizaji ni hodari. Kwa hiyo mng'aro wa nje haumwambii mnunuzi lolote kuhusu afya ya chombo. Saksofoni iliyochubuka rangi yote inaweza kuimba vizuri, na ile inayometa kama sufuria mpya ikawa haina hata noti moja ya chini.

Mpingo huondoka gogo, hurudi klarineti

Kwa upande wa klarineti kuna jambo linalowahusu Watanzania moja kwa moja. Klarineti bora duniani hutengenezwa kwa mpingo, mti ambao ni alama ya taifa letu na ambao wachongaji wa Kimakonde wameupatia umaarufu wa aina nyingine. Mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini, haipitishi unyevu kirahisi na huchongeka kwa usahihi mkubwa. Mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa.

Magogo ya mpingo kutoka Lindi na Mtwara yamekuwa yakisafiri hadi Ulaya na kugeuzwa klarineti na kampuni kama Buffet Crampon ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1825. Katika Wilaya ya Kilwa, vijiji vinavyosimamia misitu yao kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative (MCDI) vilianza kunufaika na cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009. Kilikuwa cheti cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii.

Kwa hiyo mtu anaweza kushawishika kwamba klarineti ya mpingo ndiyo ya kununua. Kwa mwanamuziki wa Kasansa, jibu la kiuchumi ni hapana, isipokuwa kama ana sababu maalumu.

Kwanza, mbao hupasuka. Pumzi ya mpulizaji ni ya moto na yenye unyevu, wakati hewa ya nje katika kiangazi cha Katavi ni kavu. Ndani panavimba, nje panakauka, na ufa hutokea, mara nyingi kwenye kipande cha juu karibu na matundu madogo. Pili, ufa huo unahitaji fundi mwenye ujuzi, na fundi huyo hayuko Kasansa. Tatu, bei ya mpingo ni kubwa zaidi.

Klarineti za plastiki ngumu, kama Yamaha YCL-255 au Buffet Crampon B12, zilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi na bendi za shule. Hazipasuki kwa sababu ya ukavu, na zikiwa na pedi nzima zinatosha kabisa kwa harusi na ibada. Tahadhari yake ni kutoziacha juani au kwenye gari lililofungwa vioo.

Yule anayeagiza ya mpingo kutoka nje ya nchi ajue pia kwamba kuanzia Januari 2, 2017 jamii yote ya miti ya mpingo iliwekwa chini ya udhibiti wa Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini Kutoweka (CITES). Kwa karibu miaka mitatu biashara ya vyombo vilivyotengenezwa kwa mpingo iliingiliwa na masharti ya vibali. Kuanzia Novemba 26, 2019, ala za muziki zilizokamilika, vipuri vyake na vifaa vyake viliondolewa katika masharti hayo. Mbao yenyewe bado inadhibitiwa. Muuzaji wa klarineti iliyotumika anayedai fedha ya ziada kwa ajili ya 'kibali cha CITES' anapaswa kuulizwa maswali.

Jua kwanza unachonunua

Makosa mengi hufanyika kabla hata ya kuangalia ubovu. Mnunuzi hununua chombo kizima, kisicho na kasoro, lakini ambacho hakimfai.

Saksofoni zinazotumika zaidi ni alto, ambayo ni ndogo kiasi, na tena, ambayo ni kubwa na ina sauti nzito. Kwa anayejifunza, alto ni nyepesi kubeba na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Lakini mtandaoni kuna saksofoni nyingine inayofanana nazo, iliyotengenezwa kwa wingi hasa Marekani katika miaka ya 1920, ambayo wenyewe huiita C-melody. Huuzwa kwa bei poa kwa sababu wanamuziki wengi waliacha kuitumia. Midomo ya kupulizia na vipuri vyake ni vigumu kupatikana, na mwalimu wa alto au tena atalazimika kubadili mafunzo. Bei poa hapo si bahati.

Mtego mwingine ni wa vyombo vya zamani sana. Kiwango cha sauti kinachotumika leo, ambapo noti ya La huwa na mitetemo 440 kwa sekunde, kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa mjini London mwaka 1939. Kabla ya hapo baadhi ya viwanda vilitengeneza vyombo vya kiwango cha juu zaidi, na vingine hupigwa mhuri wa 'High Pitch' au herufi HP. Chombo cha namna hiyo hakitakubaliana na kinanda wala gita, na hakuna fundi wa kukirekebisha kwa sababu matundu yenyewe yamepangwa kwa umbali tofauti. Klarineti za zamani za mfumo unaoitwa Albert nazo ziepukwe na anayeanza, kwani vitabu na walimu wengi hufundisha mfumo wa Boehm.

Kundi la tatu ni vyombo vipya visivyo na jina, vyenye rangi ya bluu, nyekundu au nyeusi, ambavyo huuzwa kwa bei ndogo kuliko hata kilichotumika. Vibonyezo vya baadhi yake ni vya chuma laini kinachopinda kwa kushikwa tu, na kipuri kikivunjika hakuna kiwanda cha kukiagizia. Yako pia majina makubwa yaliyoghushiwa. Jina la Yamaha au Selmer lililochongwa kwenye shaba si ushahidi. Ushahidi ni namba ya kiwandani inayolingana na aina ya chombo, pamoja na historia inayoeleweka.

Kwa alto iliyotumika, modeli kama Yamaha YAS-23, iliyotumika sana mashuleni katika nchi nyingi, ni mfano wa chombo cha kutafuta. Haitengenezwi tena, lakini ni imara na mafundi wengi wanaifahamu.

Picha za kuomba

Mnunuzi asiridhike na picha tatu za tangazo. Muuzaji mkweli atapiga nyingine bila kununa. Picha zinazohitajika ni hizi:

Namba ya kiwandani, ikiwa imepigwa karibu na isomeke.

Shingo ya saksofoni kwa upande. Shingo iliyopinda kwa kukandamizwa huwa imevimba kidogo pembeni au imebonyea chini. Kuirekebisha ni kazi ya fundi, na ikikosewa sauti huharibika.

Mwili wa saksofoni kwa mbele na kwa nyuma, ukiwa umenyooka kwenye meza. Chombo kilichoanguka huonyesha mwili uliopinda au mdomo mpana wa chini ulioegemea upande. Mwili ukipinda, vifuniko vingi havitakaa sawa juu ya matundu.

Mahali mdomo mpana unaposhikana na mwili. Pale pakiwa pamebonyezwa ndani, kuna siku chombo kiligonga sakafu.

Kila pande la klarineti likiwa limefunguliwa, hasa la juu, na lile ganda laini kama kizibo cha chupa lililozungushwa kwenye maungio. Ganda likiwa limemeguka, kuna hewa inayopotea.

Pedi kwa karibu, vifuniko vikiwa wazi. Pedi nyeusi iliyokauka kama ngozi ya kiatu cha zamani inahitaji kubadilishwa.

Kuchubuka kwa rangi, mikwaruzo na begi lililochakaa ni mambo ya kuombea punguzo, si ya kukatishia tamaa.

Tochi na pumzi

Picha inaonyesha meno ya maksai. Kinachofuata ni kumtembeza, na hilo hufanyika kwa simu ya video ya moja kwa moja. Video iliyorekodiwa haitoshi, kwa kuwa inaweza kuwa ya saksofoni nyingine kabisa. Katika simu hiyo muuzaji aanze kwa kuonyesha namba ya kiwandani, kisha aendelee bila kukata.

Kipimo cha kwanza ni cha mwanga. Muuzaji aingie chumba chenye giza na kuingiza taa ndogo ya betri ndani ya mwili wa saksofoni. Kisha afunge vifuniko kimoja kimoja kwa kidole, taratibu, bila kukaza. Pedi nzima haipitishi mwanga. Mwanga ukichungulia pembeni ya pedi, hapo ndipo hewa inapotokea. Muuzaji mjanja atabana kwa nguvu ili kuficha uvujaji, kwa hiyo aambiwe aguse tu kama anavyogusa mpulizaji.

Kwa klarineti kipimo ni cha pumzi. Muuzaji achukue pande la juu peke yake, azibe matundu kwa vidole vyake na tundu la chini kwa kiganja, kisha avute hewa kwa mdomo kutoka juu. Pande zima litakaa na mvuto huo kwa sekunde kadhaa kabla ya kuachia. Hewa ikiingia mara moja, kuna pedi inayovuja au kuna ufa.

Kipimo cha tatu ni cha sauti. Anayepuliza ashuke noti moja moja kutoka katikati hadi noti ya chini kabisa, na azipulize kwa sauti ndogo. Hili ndilo jambo la kusisitiza. Chombo kinachovuja kinaweza kulazimishwa kutoa noti za chini kwa nguvu ya mapafu, lakini zikipulizwa polepole hutetemeka, hugeuka au hukataa kabisa. Baada ya hapo apande hadi juu, na mnunuzi aweke programu ya kupimia sauti kwenye simu ya pili aone kama La inakaa karibu na 440. Mtandao ukikatikakatika, wapange saa nyingine.

Muuzaji akisema hajui kupuliza, hilo si kosa lake. Lakini mnunuzi asikubali maneno ya 'kilikuwa kinafanya kazi vizuri tu'. Chombo ambacho hakikusikika kihesabiwe kuwa kibovu, na bei yake iwe ya chombo kibovu.

Mwisho, kama mnadani, aulize kimetoka zizi la nani. Nani alikuwa akikitumia, lini kilifanyiwa matengenezo mara ya mwisho, na kwa nini kinauzwa. Vyombo vya makanisa, shule na bendi huibwa, na kununua mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai. Kusiwe na aibu ya kuomba risiti ya awali au hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya uongozi wa serikali ya mtaa.

Hesabu ya magunia

Baada ya vipimo hufuata hesabu. Chukulia kikundi cha Kasansa kina machaguo mawili ya saksofoni alto. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila kikundi kiweke za kwake.

Ya kwanza inauzwa Sh700,000 bila ukaguzi. Ikifika inagundulika pedi zimechoka. Matengenezo ni Sh300,000, nauli ya kuipeleka kwa fundi Dar es Salaam na kuirudisha ni Sh160,000, usafirishaji wa awali Sh40,000, na ridi pamoja na mkanda wa shingoni Sh60,000. Jumla ni Sh1,260,000.

Ya pili inauzwa Sh950,000. Kikundi kinamlipa mpulizaji mzoefu aliye jirani na muuzaji Sh50,000 aende kuikagua na kuipuliza. Usafirishaji ni Sh40,000, ridi na mkanda Sh60,000. Jumla ni Sh1,100,000.

Iliyoonekana nafuu kwa Sh250,000 imekuwa ghali kwa Sh160,000. Kama gunia la mpunga linauzwa Sh100,000, hayo ni zaidi ya gunia moja na nusu yaliyopotea kwa kukimbilia bei.

Tuseme saksofoni hiyo inaongeza kipato halisi cha Sh25,000 kwa kila shughuli. Ya pili itarudisha fedha baada ya shughuli 44. Kwa wastani wa shughuli mbili kwa mwezi, ni miezi 22. Ya kwanza itahitaji shughuli 51. Lakini wastani huo unaficha jambo moja. Harusi nyingi za wakulima hufanyika baada ya mavuno. Saksofoni ikiwa kwa fundi miezi miwili ya msimu huo, hasara yake haifanani na miezi miwili ya masika wakati watu wako mashambani.

Kuna wanaoona Sh50,000 ya mkaguzi kuwa ni fedha ya bure. Hesabu yake ni nyepesi. Hata kama uwezekano wa kutapeliwa ni mmoja tu kati ya kumi, anayetuma Sh700,000 bila ukaguzi amejibebesha hasara ya wastani wa Sh70,000 kila anaponunua kwa namna hiyo. Na hapo kasoro za chombo bado hazijahesabiwa. Malipo ya mkaguzi ni bima, na ni bima ya bei ndogo.

Wakaguzi hao wapo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira mkoani Arusha na Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar zimefundisha wanamuziki wengi. Wapo pia wastaafu wa bendi za majeshi na polisi. Kikundi kisichomfahamu hata mmoja wao kianze kwa kumtafuta huyo kabla ya kutafuta saksofoni, kwani ndiye atakayehitajika pia siku ya kufundisha.

Anayeagiza kutoka nje ya nchi ana hesabu ya ziada. Ushuru wa forodha hukokotolewa kwa kujumlisha bei ya chombo, bima na gharama za kusafirisha, kisha huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Ni vema makadirio ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) au ya wakala wa forodha yapatikane kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua.

Fedha itoke lini

Utaratibu salama ni fedha kutoka baada ya mkaguzi kushika chombo mkononi. Mkaguzi apige simu ya video, kikundi kisikie, kisha malipo yafanyike hapo hapo na chombo kiondoke na mkaguzi, si na muuzaji.

Jina linalotokea kwenye M-Pesa au Airtel Money kabla ya kuthibitisha malipo lilingane na jina la muuzaji. Muuzaji akibadili namba dakika za mwisho, akidai ile ya kwanza 'ina shida', biashara isimame. Watanzania wameshazoea ujumbe wa 'ile hela itume kwenye namba hii', na huu ni ndugu yake. Namba ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia 15040, lakini kuripoti hakuna ahadi ya kurudishiwa fedha.

Neno 'wahi' nalo lisimharakishe mtu. Jamaa wa Mwanza akitangulia, saksofoni nyingine itapatikana. Kikundi kinachoanza kutafuta mapema, fedha yake ikiwa bado imetunzwa, kina nguvu ya kukataa. Kinachokopa kwanza na kutafuta baadaye huwa tayari kimeshaanza kulipa riba, na atakayekiharakisha hatakuwa muuzaji peke yake.

Usafiri wenyewe si wa kupuuzwa. Kwa treni kupitia Tabora na Kaliua hadi Mpanda, au kwa basi, mzigo hushushwa na kupandishwa. Kutoka Mpanda kwenda Mpimbwe barabara hupita Sitalike na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Saksofoni itolewe shingo na mdomo wa kupulizia, ikae kwenye sanduku gumu, na nafasi zote zijazwe nguo au sponji ili isichezecheze. Sanduku hilo liwekwe ndani ya boksi jingine. Mfuko wa kitambaa pekee hautoshi kwa safari hiyo.

Kikifika, kifunguliwe siku hiyo hiyo mbele ya viongozi wa kikundi huku simu ikirekodi, namba ya kiwandani ilinganishwe na ya kwenye picha, na noti za chini zipulizwe tena. Mdomo wa kupulizia uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, si ya moto. Ridi ya mtu mwingine itupwe. Kwa aliye mbali na maduka, ridi za plastiki ni za kufikiria. Bei yake ni kubwa lakini moja hudumu kuliko nyingi za mwanzi.

Baada ya hapo kazi ni ya mpulizaji. Kila baada ya shughuli ndani pafutwe kwa kitambaa, kwa sababu unyevu ndio unaoua pedi, na sanduku lifungwe vumbi lisiingie. Kikundi kitenge kiasi kidogo kutoka kila malipo ya harusi kwa ajili ya pedi zijazo, kama mwenye plau anavyotenga fedha ya jembe jipya kabla la zamani halijaisha makali.

Msimu wa harusi Kasansa ni mfupi. Wanaharusi wanapotoka kanisani na watu wote wamesimama, hakuna atakayeuliza saksofoni ilinunuliwa shilingi ngapi. Watasubiri itoe sauti.